Domopana wa kijani: ndege wa Itombwe aliye jirani wa dhahabu

Leo tunajibu swali lililotufikia kutoka Karama, mtaa wa mji wa Dubai katika Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako wamepanga wafanyakazi wengi waliotoka India, Pakistan, Nepal, Ufilipino na nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Msikilizaji wetu ni mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Anaandika kwamba mwenzake wa Kifilipino, wanayeshirikiana naye chumba, alimwonesha picha ya ndege mdogo wa kwao mwenye mdomo mpana na rangi za kupendeza, kisha akajigamba kuwa ukoo wa ndege hao hauko Afrika. Msikilizaji wetu anauliza: je, ni kweli?

Si kweli. Na jibu lenyewe liko karibu naye kuliko anavyodhani. Kutoka Uvira ukiipa mgongo Tanganyika, unaitazama milima inayopanda mara moja nyuma ya mji. Ng'ambo ya kilele cha mwanzo yanaendelea majani ya malisho, mianzi na msitu wenye ukungu, hadi kwenye nyanda za juu ziitwazo Itombwe. Katika msitu huo anaishi ndege mmoja wa ukoo uleule wa Asia, naye ndiye pekee wa ukoo huo katika bara zima la Afrika.

Wataalamu humwita Pseudocalyptomena graueri. Sisi katika makala haya tutamwita domopana wa kijani, kwa sababu mdomo wake ni mfupi na mpana, umetanuka pembeni kuliko inavyotarajiwa kwa kiumbe mwenye kimo chake. Urefu wake kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia ni kiasi cha sentimita 11 tu. Mwili wake ni wa kijani kibichi chenye kung'aa, mithili ya jani la mgomba lililotoka kunyeshewa. Koo lake na sehemu ya juu ya kifua ni samawati hafifu, na rangi hiyohiyo hujitokeza tena chini ya mkia. Utosini amevaa manjano iliyofifia yenye madoadoa meusi, na mkia wake ni mfupi kana kwamba umekatwa kwa mkasi.

Mtu anaposikia sifa hizo hudhani kwamba ndege wa namna hiyo ataonekana upesi. Mambo ni kinyume. Domopana wa kijani ana tabia ya kutulia tuli juu ya tawi kwa muda mrefu, na rangi yake ya kijani humpoteza katikati ya majani. Sauti yake ni nyembamba na ya chini, mfano wa mlio wa mdudu, na haifiki mbali. Mara nyingi mwenye kumtafuta husimama chini ya mti uleule alimokaa ndege, asimwone, mpaka pale ndege mwenyewe anapochomoka ghafla kumdaka mdudu na kurejea tawini.

Chakula chake hasa ni wadudu: mbawakawa, mabuu yanayojificha kwenye magome, na vijidudu vinavyotambaa juu ya majani. Huongezea konokono wadogo, matunda madogo, vichipukizi na maua. Wakati mwingine huandamana na ndege wa aina nyingine katika msafara mmoja unaopekua miti, kila mmoja akila kwa namna yake. Huyu gomeni, yule majanini, mwingine hewani. Kiota chake ni mfuko unaoning'inia kwenye ncha ya tawi, umefumwa kwa mimea laini inayoota juu ya magome yenye unyevu, kiasi kwamba ukitazamwa kwa mbali huonekana kama fungu la mimea hiyo lililojiotea lenyewe.

Anaishi katika misitu ya mlimani yenye mvua na ukungu, baina ya mita 1,760 na mita 2,480 hivi juu ya usawa wa bahari. Hashuki bondeni. Duniani kote amethibitishwa kuwepo katika maeneo matatu tu: Itombwe yenyewe, milima iliyo magharibi ya Ziwa Kivu inayojumuisha Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, na msitu wa Bwindi kusini magharibi mwa Uganda. Misitu hiyo mitatu haigusani. Kati ya mmoja na mwingine kuna mabonde yenye mashamba, miji na maziwa, na ndege huyu hana mazoea ya kusafiri mbali.

Sasa turudi kwenye ubishi wa chumbani Karama. Ndege aliyeoneshwa msikilizaji wetu yumkini ni domopana wa visiwa vya Ufilipino, ambaye hutambulika kwa ngozi ya samawati iliyozunguka jicho lake. Hao hupatikana katika visiwa kama Mindanao, Samar na Leyte. Wengine wa ukoo huo wanaishi Borneo, Sumatra, Rasi ya Malay na kuelekea magharibi hadi misitu ya vilima vya Himalaya, Nepal na kaskazini mashariki mwa India. Kwa hiyo, kwa mzaha tu, tungeweza kusema kwamba jamaa wote wa domopana wa kijani wana watu wa nchi zao katika mtaa mmoja wa Dubai.

Lakini habari ya nasaba yake haikuwa wazi tangu mwanzo, na namna ilivyofumbuliwa inastahili kuelezwa. Mwaka 1908 Rudolf Grauer, mvumbuzi wa Austria aliyekuwa akikusanya wanyama na ndege kwa ajili ya makumbusho ya Ulaya, alimpata ndege huyu katika milima ya magharibi ya Ziwa Tanganyika. Jina la Grauer wengi wenu mmelisikia kwa njia nyingine, kwani gorila wa mashariki mwa Kongo, aliye mkubwa kuliko gorila wote, naye huitwa kwa jina lake. Mwaka uliofuata, 1909, tajiri wa Uingereza Walter Rothschild, aliyekuwa na makumbusho yake binafsi huko Tring, alimwandika ndege huyo katika vitabu vya sayansi. Alipomtazama alimkumbusha Calyptomena, ndege wa kijani wa Borneo na Sumatra. Akampa jina lenye maana ya Calyptomena wa uongo, yaani anayefanana naye bila ya kuwa yeye.

Kwa miaka ishirini wataalamu walibaki na ngozi kavu tu, na ngozi pekee haitoshi kumaliza ubishi. Ndipo mwaka 1929 vijana wawili wa Kimarekani, Sterling Rockefeller na Charles Murphy, walipofika Itombwe kwa ajili ya Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani yaliyoko New York, kwa lengo hasa la kumtafuta ndege huyu. Walifanikiwa. Safari hiyo iliacha jina lingine mlimani: chozi wa Rockefeller, ndege mdogo mwenye kifua chekundu anayefyonza maua ya nyanda hizo za juu. Mwaka 1931 Percy Lowe, mtaalamu wa Uingereza, aliuchunguza mwili wa domopana wa kijani kwa ndani, misuli na mifupa yake, akathibitisha kwamba kweli ni wa jamii ya domopana na si ndege mwingine mkamata nzi aliyevaa rangi zisizo zake.

Hata hivyo kulikuwa na fundo lililobaki. Afrika ina domopana wengine, wa rangi ya kahawia na vifua vyenye michirizi. Mmoja wao anapatikana Kenya na Tanzania, na huenda baadhi yenu mmemsikia bila kumwona: dume huruka duara dogo akizunguka tawi lake, na mabawa yake hutoa mngurumo unaosikika mbali msituni. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba domopana wa kijani ni ndugu wa hao, kwa kuwa wote ni Waafrika. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2006 ulionesha sura nyingine kabisa. Domopana wa kahawia wa Afrika ni ndugu wa karibu wa wale wa kijani wa Borneo. Na domopana wa kijani wa Itombwe ni ndugu wa wale wengine wa Asia, wakiwemo wa Ufilipino. Nasaba mbili zimepishana baharini. Rothschild, kwa kumwita wa uongo, alikuwa sahihi kuliko alivyojua.

Swali linalofuata ni la njia: ndege wa msitu mzito asiyeruka mbali amewezaje kuwa na jamaa zake ng'ambo ya jangwa na bahari? Hapa inafaa kukumbuka kwamba jangwa analoliona msikilizaji wetu akitoka nje ya Dubai si la milele. Katika eneo la magharibi la Abu Dhabi kumechimbuliwa mifupa ya viboko, mamba, twiga na tembo wa kale wenye pembe nne, walioishi kandokando ya mto mkubwa miaka kati ya milioni 6 na milioni 8 iliyopita. Hiyo ilikuwa nchi ya nyasi na miti ya mtoni, haikuwa msitu wa ukungu, nao domopana walikuwa wameshaachana zamani kabla ya hapo. Lakini inatosha kutuonesha kwamba Bara Arabu limewahi kuwa daraja baina ya Afrika na Asia, na kwamba viumbe vilipita.

Leo katika njia hiyohiyo kinapita kitu kingine, tena kwa ndege za abiria. Nacho ni dhahabu.

Itombwe ni mlima wa dhahabu. Tangu zama za ukoloni wa Ubelgiji, Kamituga na vijiji vinavyouzunguka, katika wilaya ya Mwenga mkoani Kivu ya Kusini, vimeishi kwa machimbo. Hata elimu tuliyo nayo kuhusu ndege wa milima hiyo sehemu kubwa imetokana na machimbo: Alexandre Prigogine, kaka wa Ilya Prigogine aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1977, alikuwa mtumishi wa kampuni ya madini huko Kivu, na alitumia miaka mingi kukusanya na kuorodhesha ndege wa Itombwe. Bundi mmoja adimu mno, aliyepatikana huko mwaka 1951, ana jina lake.

Kampuni kubwa ya SOMINKI iliyoundwa mwaka 1976 ilidhoofika na hatimaye kufa katika miaka ya 1990. Vita vikafuata. Ikumbukwe kuwa katikati ya mwaka 1996 watafiti walikuwa Itombwe wakihesabu gorila na ndege, na wakampata tena yule bundi wa Prigogine. Miezi michache baadaye mapigano yalizuka Uvira na Fizi, na wakazi wa vijiji vya milimani wakakimbia. Wengi walivuka ziwa na kufika Nyarugusu, mkoani Kigoma, na baadhi ya watoto waliokulia kambini humo sasa ni wasikilizaji wetu huko Marekani, Kanada na Australia.

Baada ya kampuni kuondoka, dhahabu ilibaki mikononi mwa wachimbaji wadogo. Wanachimba kwa sururu, wanasaga mawe kwa mikono, wanaosha mchanga mtoni na kukusanya chembe kwa zebaki. Ni kazi ya hatari. Mwezi Septemba 2020 mvua kubwa ilijaza maji katika shimo moja la Kamituga, na watu wasiopungua 50 walihofiwa kufa. Mwenye kusema kirahisi kwamba wachimbaji hao waondoke ili ndege aishi, na atueleze kwanza wale nini katika nchi ambayo barabara zake zimekatika na shamba linaweza kuporwa kabla ya kuvunwa.

Inafaa tuwe waangalifu tunapoeleza madhara. Machimbo makubwa ya Kamituga yako chini ya mwinuko anaoishi domopana wa kijani; mchimbaji hamfuati ndege tawini. Tena kinachokula msitu wa milimani kwa wingi zaidi ni mashamba mapya na malisho ya ng'ombe. Lakini mashamba hayo hayafunguliwi bila sababu. Mji wa machimbo unahitaji mihogo, maharage, mkaa na mbao, na mashimo yanahitaji magogo ya kuzuia udongo usiporomoke. Dhahabu inapogunduliwa katika kijito kipya, watu hupanda na kijito hicho. Kwanza wachimbaji, kisha wauza chakula, halafu wawindaji, na mwisho mwenye bunduki anayetoza kodi. Msitu hukatwa kidogo kidogo kutoka chini kwenda juu. Na ndege ambaye maisha yake yote yamo ndani ya mita mia saba tu za mwinuko, hana pa kupanda zaidi.

Bei nayo inasukuma. Wakia moja ya dhahabu ilivuka dola 2,000 kwa mara ya kwanza mwezi Agosti 2020, na ilipofika Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000. Shimo ambalo miaka kumi nyuma halikulipa gharama za chakula cha wachimbaji, kwa bei hiyo linalipa.

Je, dhahabu hiyo huenda wapi? Kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia Kongo liliandika katika ripoti yake ya mapema mwaka 2014 kwamba kiasi cha asilimia 98 ya dhahabu iliyochimbwa nchini humo mwaka 2013 ilitoroshwa nje, na kwamba sehemu kubwa yake ilipitia Uganda kabla ya kufika Dubai. Njia nyingine zimetajwa katika ripoti za baadaye, zikiwemo za Rwanda na Burundi. Mfanyabiashara huivusha mpaka kwa gari au pikipiki, hupata karatasi zinazoonesha kuwa imechimbwa kwingine, kisha huipakia kwenye mzigo wa mkononi na kupanda ndege. Takwimu za biashara zinaonesha ukubwa wa mkondo huo: mwaka 2006 Umoja wa Falme za Kiarabu ulitangaza kununua kutoka Afrika dhahabu yenye thamani ya dola bilioni 1.3, mwaka 2016 ilikuwa dola bilioni 15.1.

Katika Karama, kama ilivyo Deira ng'ambo ya Khor, maduka ya masonara yamepangana mlango kwa mlango. Mama anayetoka Mombasa au Dar es Salaam kununua bangili za harusi ya binti yake huangalia muhuri wa karati na kuulizia uzito. Muhuri unamweleza usafi wa dhahabu; haumwelezi mlima ilikotoka. Wala muuzaji hawezi kumweleza, kwa kuwa dhahabu ikishayeyushwa pamoja na nyingine katika kiwanda cha kusafishia hupoteza asili yake. Ya Mwenga, ya Geita na ya Ghana huwa kitu kimoja. Ndiyo sababu mwenye uwezo wa kuuliza ni yule anayeipokea kabla haijayeyushwa, si mama wa bangili.

Juhudi zimefanywa katika upande huo. Kuanzia mwaka 2023 serikali ya Imarati imevilazimisha viwanda vya kusafisha dhahabu kuchunguza asili ya mali wanayoipokea, na mwezi Agosti 2024 ilivisimamisha viwanda 32 kwa kukiuka kanuni za kuzuia utakatishaji wa fedha. Kwa upande wa Kongo, mwezi Januari 2023 kampuni ya ubia baina ya serikali na wawekezaji wa Imarati ilianza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo mjini Bukavu, na mauzo rasmi ya nje yakaongezeka mno kulinganisha na miaka iliyotangulia, ingawa ubia huo haukudumu. Kisha, Februari 2025, waasi wa M23 waliingia Bukavu. Kanuni za Dubai zinaweza kuandikwa vizuri kiasi gani, bado zinategemea karatasi iliyogongwa muhuri na yule anayeshika mji kule.

Na mlima wenyewe je? Mwezi Oktoba 2006 serikali ya Kongo ilitangaza Itombwe kuwa hifadhi ya asili. Tangazo hilo lilitoka Kinshasa bila ya wenyeji kushauriwa, na Wabembe, Wanyindu, Warega, Wafuliiru, Wanyamulenge na Wambuti walilisikia kama habari ya kupokonywa nyumba. Hofu yao ilikuwa na sababu. Kaskazini yao, Kahuzi-Biega ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, familia za Wabatwa ziliondolewa msituni pasipo fidia. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi kwamba haki zao zilivunjwa.

Kwa hiyo Itombwe ilianza upya, kwa utaratibu ambao kwa maoni yetu ni wa maana kuliko tangazo la mwanzo. Kwa muda wa miaka kadhaa wazee wa vijiji, machifu, watumishi wa hifadhi na mashirika ya mazingira walitembea mipaka na kuchora ramani pamoja: hapa shamba la fulani, pale makaburi, hapa msitu usioguswa, pale msitu wa kuokota kuni na dawa. Mwaka 2016 mkoa ulitia saini mipaka iliyokubaliwa, yenye eneo la kilomita za mraba 5,732. Haikuwa kazi ya haraka, wala haikumaliza ugomvi wote, hasa ule wa wafugaji na wakulima katika nyanda za juu. Lakini mtu aliyeshiriki kuuchora mpaka anaujua, na mtu anayeujua anaweza kumkatalia mgeni anayekuja na msumeno wa moto.

Tofauti na Itombwe, katika Bwindi domopana wa kijani amekuwa ndege mwenye kuleta fedha. Uganda haikujua kuwa inaye mpaka mwaka 1967, pale Herbert Friedmann na John Williams walipomkuta katika msitu huo. Bwindi ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, nako pia Wabatwa walitolewa msituni, na mwaka 1994 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni wengi huenda kuwaona gorila. Lakini wapo wengine, wenye darubini shingoni, ambao huwapita gorila na kuuliza kwanza habari ya ndege wa sentimita 11.

Hao hupelekwa Ruhija, upande wa juu wa hifadhi, na kutoka hapo huteremka kwa miguu hadi bwawa la Mubwindi. Wenyeji husimulia kwamba jina la bwawa hilo linatokana na familia moja iliyohama zamani na kukwama ukingoni mwake, na mizimu ya maji ikamdai binti yao, Nyinamukari, ndipo waruhusiwe kupita. Tangu hapo pakaitwa mahali pa giza pa Nyinamukari. Kando ya bwawa hilo la hadithi ya huzuni ndiko domopana wa kijani huonekana kwa urahisi kuliko kwingine kote duniani. Urahisi huo ni wa saa kadhaa za kuteremka na saa nyingi zaidi za kupanda wakati wa kurudi, njia ikiwa ya utelezi na askari wa hifadhi akitangulia kwa ajili ya tembo.

Waongozaji wa huko ni vijana wa vijiji vya jirani. Wanaifahamu miti ambayo ndege huyu hupenda kujengea, na kiota kikionekana habari huenea Ruhija nzima siku hiyohiyo. Kisheria asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi hurudishwa kwa jamii zinazoizunguka, na ingawa Wabatwa wanalalamika kwamba sehemu yao ni ndogo, malalamiko yenyewe ni juu ya mgawanyo wa kitu kilichopo. Huko Itombwe, ambako yumkini idadi kubwa zaidi ya ndege hawa wanaishi, hakuna mgeni anayepanda na darubini, wala kijana anayelipwa kwa kukijua kiota.

Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, limemweka domopana wa kijani katika orodha yake ya viumbe walio hatarini kutoweka. Sababu kubwa si kwamba ameshakuwa wa kuhesabika kwa vidole, bali ni kwamba makazi yake ni machache, yametengana, na yanazidi kumegwa.

Kwa msikilizaji wetu wa Karama, basi, jibu la kumpelekea mwenzake ni hili: ukoo huo upo Afrika, una mwakilishi mmoja tu, na mwakilishi huyo anaishi katika milima iliyo nyuma ya Uvira. Picha zake hupigwa zaidi Bwindi. Lakini ngozi ya kwanza kabisa iliyomfanya aandikwe vitabuni ilitoka upande wa Kongo, juu ya ziwa lake mwenyewe.